Kinywa cha mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma": mwongozo wa nyumbani

Siku tisa mwanangu aligoma kula. Ana miaka kumi, ana mtindio wa ubongo na kifafa, na maneno hana. Akitaka kitu anakitazama, asipokitaka anageuza shingo. Tulimpima malaria mara mbili, tukapima mkojo, tukampa dawa ya minyoo, shangazi yake akaja na mafuta ya upako. Siku ya kumi bibi yake alikuwa anamfuta udenda, akaniita: "Baba, hebu njoo unuse hapa." Nikawasha tochi ya simu. Gego la chini kushoto lilikuwa na tundu linaloweza kumeza punje ya mchele, na ufizi wa chini yake ulikuwa na kipele cha usaha.

Katika vituo viwili tulivyopita hakuna aliyemfungua kinywa. Siwalaumu sana, maana mimi niliyekuwa namlisha kila siku sikukifungua pia. Tangu hapo nimejifunza kwa tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya na kwa wazazi wenzangu tunaokutana kliniki ya mazoezi. Nayaandika kwa mpangilio ule ninaoufuata nyumbani.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kusugua

Chagua siku moja ya wiki. Sisi ni Jumapili baada ya kuoga. Unahitaji tochi ya simu na kidole kilichooshwa, basi. Ingiza kidole pembeni, kati ya shavu na meno, vuta shavu nje, mulika. Fanya hivyo pembe zote nne, kisha nyanyua mdomo wa juu utazame meno ya mbele pale yanapotokea kwenye ufizi.

Kidole kisipite kamwe kati ya meno ya juu na ya chini. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiguswa ulimi au ufizi, taya linaweza kujifunga lenyewe. Hana nia ya kukuuma, na hata ukimwamuru aachie hawezi. Ukinaswa, usivute na usipige kelele. Sogeza kichwa chake mbele taratibu, kidevu kielekee kifuani, subiri taya lilegee. Nina kovu la kidole cha shahada la kuthibitisha hilo.

Unatafuta nini? Mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, hasa kwenye meno ya juu ya mbele: huo ndio mwanzo wa kuoza, na bado unaweza kuzuiwa kwa floraidi, madini ya kuimarisha meno yaliyomo kwenye dawa ya meno, na usafi. Tundu la kahawia au jeusi. Kipele kwenye ufizi. Ufizi unaotoka damu au uliovimba hadi kufunika jino. Chakula kilichojificha shavuni tangu mchana.

Walio Arusha, Kilimanjaro, Manyara na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wana la ziada. Maji yao yana floraidi nyingi, na meno huota yakiwa tayari na madoa ya kahawia. Doa hilo kwa kawaida huwa kwenye meno mengi kwa pamoja na halilainiki; jino lililooza hulainika na kushika chakula. Wazazi wengine huyasugua madoa hayo kwa mchanga au majivu. Hayatoki, na jino linalika bure.

Na kwa kuwa mtoto hasemi, tabia yake ndiyo inayosema. Anakataa kitu cha baridi au cha moto alichokuwa akikipenda. Anatafuna upande mmoja. Anajipiga shavu au sikio, anauma mkono wake, anaamka usiku akilia. Udenda unaongezeka ghafla. Mwanangu alianza pia kupata degedege mara nyingi kuliko kawaida, na sisi tukadhani dozi imepungua nguvu. Mtoto akibadilika na hujui kwa nini, mulika kinywa siku hiyohiyo, usingoje Jumapili.

Hatua ya 2: Tafuta mkao

Wengi wetu tunasimama mbele ya mtoto na kumsukumia mswaki usoni. Kwake ni kama kuvamiwa, na wewe mwenyewe huoni kitu zaidi ya meno manne ya mbele.

Kaa nyuma yake. Tandika mkeka, egemea ukuta, mtoto akae kati ya miguu yako, kichwa chake kiegemee kifua chako. Mkono mmoja unashika kidevu na kufungua mdomo wa chini, mwingine unasugua. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, simama nyuma ya kiti, kichwa chake kiegemee tumbo lako. Mdogo anayerusha mikono anahitaji watu wawili: mnakaa mkitazamana magoti yakigusana, mtoto amelala juu ya mapaja yenu, kichwa upande wa anayesugua, mwenzake anashika mikono na kuongea naye.

Mtoto anayepaliwa asilazwe chali kabisa wala kichwa kisirudi nyuma. Kidevu kiinamie kidogo, ili mate na povu vitoke mbele visiende kooni. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Down usivute kichwa nyuma kwa nguvu kwa sababu nyingine: viungo vya juu vya shingo vinaweza kuwa vimelegea.

Sehemu si lazima iwe bafuni. Sisi tunasugua sebuleni wakati wa taarifa ya habari. Bafu letu ni jembamba, lina utelezi, na mtoto wa miaka kumi ni mzito.

Hatua ya 3: Mswaki na dawa ya meno

Nunua mswaki wenye kichwa kidogo na nyuzi laini. Mpini ndio wenye kazi ya ufundi. Mimi ni fundi baiskeli, kwa hiyo nilikata tyubu kuukuu, nikaiosha kwa sabuni, nikauzungushia mpini mpaka ukawa mnene kama mpini wa baiskeli. Mtoto mwenye vidole vigumu anaushika. Mama mmoja pale kliniki alitoboa kipande cha kandambili mpya akakipitisha kwenye mpini, na binti yake sasa anaanza kusugua mwenyewe, halafu mama anamalizia. Kumalizia ni lazima. Hata mtoto asiye na changamoto yoyote hawezi kusugua vizuri peke yake kabla ya miaka saba au minane. Wa kwetu wengine watahitaji mkono wa mtu mzima maisha yao yote.

Kwa anayeng'ata, uwe na miswaki miwili. Mmoja unasugua. Mwingine, uliofungwa kitambaa safi cha pamba mpini mzima, anaung'ata kwa magego ya upande mmoja wakati wewe unasugua upande wa pili, kisha mnabadilishana. Usitumie kijiko cha chuma, kinavunja jino. Kijiti cha mswaki au cha mwarobaini ni kizuri kwa babu, lakini kwa mtoto anayebana taya kinachanika vipande, na vipande vinaenda kooni. Kagua nyuzi kila wiki: mwenye kung'ata anaumaliza mswaki kabla ya ile miezi mitatu inayosemwa.

Dawa ya meno iwe na floraidi, angalau 1000 ppm (sehemu elfu moja kwa kila milioni). Namba iko nyuma ya tyubu kwa maandishi madogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu weka kiasi cha njegere. Mkubwa asiyeweza kutema, muulize tabibu wa meno; wangu alinielekeza nibaki na punje ya mchele na nifute povu kwa kitambaa chenye unyevu. Yale matangazo ya dawa inayojaa mswaki mzima yasikudanganye.

Hatua ya 4: Sugua

Mara mbili kwa siku. Kama siku imekushinda, isishindwe ya usiku. Mate hupungua mtu akilala, na kinachobaki kwenye meno kinabaki hadi asubuhi.

Anza kwa kutoa chakula kilichojificha mashavuni kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni, ukipita nje ya meno tu. Kisha elekeza nyuzi pale jino linapokutana na ufizi, sugua kwa miduara midogo, meno mawili matatu kwa wakati. Nje kote, halafu juu ya magego, halafu ndani. Ndani ndipo kinywa kinapokataa, ndiyo maana ninapaacha mwisho. Lenga dakika mbili. Zikitoka sekunde thelathini leo, anza kesho pale ulipoishia. Ufizi ukitoka damu usiuache, maana ukoga ndio unaouvimbisha. Ukisafishwa kila siku, mara nyingi damu hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, nenda ukaonwe.

Mtoto akitapika au kucheua, na wa kwetu wengi hucheua, usisugue papo hapo. Tindikali ya tumbo imelainisha meno. Mfute kinywa kwa maji, subiri kama nusu saa.

Mwenye usonji ana njia yake. Kwake tatizo mara nyingi ni ladha kali ya mnanaa, povu, na nyuzi zinazochoma kama miiba. Acha dawa kwanza. Wiki ya kwanza mguse shavu kwa mgongo wa mswaki, hesabu moja hadi tano, maliza hapohapo hata kama ametulia; ukiongeza ghafla umevunja ahadi. Wiki inayofuata mguse midomo. Kisha meno ya mbele kwa maji matupu. Mahali palepale, saa ileile, hesabu ileile, rangi ileile ya mswaki. Baba mmoja alinunua miswaki sita ya kijani kwa mpigo kwa sababu dukani ilikuwa inaisha, na nilimwelewa. Dawa iingie mwishoni, ya ladha hafifu.

Hatua ya 5: Dawa tamu, uji na chai

Hapa ndipo nilipomwozesha mwanangu. Dawa yake ya kifafa ilikuwa ya maji, tamu kama sharubati, na nilimpa saa nne usiku akiwa amesinzia, baada ya kumpiga mswaki. Kila siku, miaka mitatu.

Kanuni ni fupi: dawa kwanza, mswaki baadaye. Dozi ya mchana ifuatiwe na maji, au kitambaa chenye maji kama hawezi kunywa vizuri. Muulize mfamasia kama kuna vidonge au aina isiyo na sukari, lakini usisage kidonge chochote bila kumuuliza, kwa kuwa vingine havisagwi.

Uji unaonyweka kidogokidogo kutwa nzima ni mbaya kuliko kikombe kizima cha mara moja, kwa sababu meno hayapumziki kabisa. Watoto wetu hula polepole na uzito wao unatutia wasiwasi, kwa hiyo usipunguze chakula ili kuokoa meno. Ongeza nguvu ya uji kwa karanga, maziwa, parachichi au mafuta badala ya sukari, na uweke saa za kula zinazojulikana. Chupa ya chai ya maziwa isiende kitandani. Na wale wanaotoa biskuti au pipi kila mtoto akifanya zoezi vizuri, tafadhali, watoe kitu kingine. Wangu anafurahia kengele ya baiskeli.

Hatua ya 6: Jua ugonjwa wake unafanya nini kinywani

*Kifafa.* Dawa ya fenitoini huweza kunenepesha ufizi, wakati mwingine hadi ufunike meno. Usafi mzuri unapunguza sana hali hiyo. Ukiona ufizi unapanda, mwambie daktari wa kifafa, yeye ndiye anayeweza kuibadilisha. Usiikatishe mwenyewe, kwani degedege la kukatisha dawa ghafla linaweza kuua. Na mtoto akianguka, usimtie kijiko mdomoni, hata majirani wakikufokea. Mlaze ubavu, msubirie. Nimeona meno mawili ya mbele yaliyovunjwa na kijiko cha mtu mwenye huruma.

*Matatizo ya moyo.* Bakteria wa kinywa wakiingia kwenye damu wanaweza kushambulia moyo wenye hitilafu. Baadhi ya watoto hupewa dozi ya antibiotiki takriban saa moja kabla ya kung'olewa jino. Daktari wa meno aambiwe kabla hajashika chombo chochote. Mtoto anayesubiri upasuaji wa moyo atibiwe meno kwanza.

*Selimundu.* Usaha wa jino, homa, kutokunywa maji: kila kimoja kinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Jino la huyu halingoji.

*Hemofilia (damu isiyoganda vizuri).* Asing'olewe jino popote bila daktari wake wa damu kujua, na asipewe aspirini wala ibuprofeni za dukani.

*Ugonjwa wa Down.* Meno huchelewa; la kwanza linaweza kuota baada ya mwaka, mengine yasiote kabisa. Usihangaike na kuchelewa, hangaikia ufizi, kwani ugonjwa wa fizi huanza mapema kwao. Na kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, soma tena aya ya moyo hapo juu.

*Anayelishwa kwa mrija.* Watu hudhani asiyetafuna hahitaji mswaki. Ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe, hujijenga kwake haraka zaidi, na mate yenye bakteria yakiingia mapafuni huleta nimonia. Msugue mara mbili kama wengine, kwa mswaki wenye unyevu kidogo tu.

*Mgongo wazi.* Watoto waliofanyiwa upasuaji mara nyingi wanaweza kuwa na mzio wa mpira. Uliza glavu zisizo za mpira.

Kusaga meno usiku kunatisha kwa mlio wake, lakini mara nyingi hakuhitaji tiba. Hakikisha tu hakuna jino, sikio au kiungulia kinachomsumbua.

Hatua ya 7: Wazuie wakata meno

Mtoto wetu akichelewa kukaa, akiharisha, akiwa na homa isiyoisha, atatokea mtu wa kusema ana "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni. Atakuonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Uvimbe huo ni chonge changa la utoto likijiandaa. Wanalichokonoa kwa sindano, wembe au spoku ya baiskeli, na naona haya kusema kwamba spoku zimewahi kununuliwa kwangu bila mimi kujua za nini. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na jino la ukubwani lililoko chini linaharibika. Kuharisha hakuponi. Kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa akimeza ni hadithi hiyohiyo. Anakohoa kwa sababu kumeza kunampa shida, na hilo wanaosaidia ni wa mazoezi na lishe. Waambie wazee wa nyumbani mapema, kwa heshima, kabla hujasafiri ukamwacha mtoto nao.

Hatua ya 8: Siku ya daktari wa meno

Mpeleke mara ya kwanza wakati hana maumivu, jino la kwanza likishaota. Kabla ya hapo nenda peke yako. Eleza hali yake, uliza kama mnaweza kuwa wa kwanza asubuhi, uliza kama kiti cha magurudumu kinaingia. Beba kadi zote za kliniki na dawa zake zenyewe, chupa na pakiti, maana majina tunayakosea. Dawa ya kifafa mpe kwa muda wake kama kawaida, labda daktari aseme vinginevyo.

Jino likioza si lazima ling'olewe. Muulize kuhusu kuziba bila mashine: jino linakwanguliwa kwa vyombo vya mkono na kuzibwa kwa saruji inayoachia floraidi. Hakuna mlio, na mara nyingi hakuna sindano. Mbinu hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na ni kama ilitungwa kwa mtoto anayeogopa kelele. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi, inayopakwa ili kusimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi kabisa, ujue hilo kabla. Mwanangu ana mawili meusi nyuma, hakuna anayeyaona isipokuwa mimi na tochi. Meno yakiwa mabovu mengi, uliza rufaa ya kutibiwa yote kwa mara moja chini ya dawa ya usingizi.

Kuna hali ambazo hazisubiri miadi. Uvimbe wa shavu unaopanda jichoni au unaoshuka chini ya taya, mtoto ana homa au anashindwa kumeza: hospitali, usiku huohuo. Kidonda kinachonuka na kula ufizi au shavu kwa mtoto aliyedhoofika, hasa baada ya surua: inaweza kuwa noma, nayo hula uso kwa siku chache. Jino la ukubwani likitoka zima kwa kuanguka, lishike upande wa kutafunia usiguse mzizi, liweke kwenye maziwa, fika kwa daktari ndani ya saa moja. La utoto halirudishwi.

Na mkirudi nyumbani baada ya ganzi, usimwache peke yake. Mdomo uliokufa ganzi kwake ni kitu kigeni cha kutafunwa. Mwanangu aliutafuna wa chini hadi ukavimba kama andazi, na mimi nilikuwa nje naziba pancha. Kaa naye saa mbili tatu, usimpe cha kutafuna, mshike mkono mpaka ganzi iishe.